Maisha ya Mchungaji Oberlin, Mlezi wa Watoto wa Bonde la Mawe

Katika sharika zetu jina la mtoto huandikwa kitabuni siku ya ubatizo wake, kisha husomwa tena siku aanzapo mafundisho ya Kipaimara. Kati ya siku hizo mbili hupita miaka mingi. Mama huamka alfajiri aende shamba au sokoni, baba yuko kazini kwake, na mtoto wa miaka mitatu huachiwa dada yake wa miaka saba, naye dada huyo mwenyewe angali mtoto. Wako wasemao kwamba miaka hiyo si kazi ya kanisa, bali ni kazi ya nyumbani tu. Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za mchungaji mmoja wa Kilutheri aliyefikiri vingine, na habari za wasichana wa shamba waliomtangulia katika jambo hilo na kulichukua mabegani mwao. Jina lake ni Johann Friedrich Oberlin.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1740 katika mji wa Strasbourg, nchi ya Alsace. Siku zile mji huo ulikuwa chini ya mfalme wa Ufaransa, walakini wenyeji wengi walisema Kijerumani, na kanisa la Kilutheri lilikuwa na mizizi mirefu humo. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, mwenye watoto wengi na mshahara mdogo. Husimuliwa kwamba Oberlin alipokuwa kijana aliwaona wavulana wakimpiga kikumbo mwanamke wa shamba aliyechukua kapu la mayai kichwani, mayai yote yakavunjika. Mwanamke akalia, wavulana wakacheka. Oberlin akawakemea, kisha akakimbia nyumbani, akaleta senti zote alizokuwa ameziweka akiba, akampa. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu mwanzo: hakuweza kuona hasara ya mtu maskini akapita.

Akasoma elimu ya Mungu katika chuo cha Strasbourg. Baadaye akakaa miaka michache katika nyumba ya tabibu mmoja mpasuaji, akiwafundisha watoto wake, na humo akajifunza mambo ya uganga ambayo yalimfaa sana hapo baadaye. Alikuwa karibu kuwa mchungaji wa askari, ndipo alipotembelewa na Mchungaji Johann Georg Stuber. Stuber alikuwa akitafuta mtu wa kushika usharika wake wa milimani. Alimkuta Oberlin katika chumba kidogo chini ya paa, chumba chenye vyombo vya maskini kabisa, akaona moyoni ya kuwa huyu ndiye amtafutaye. Oberlin naye hakutaka kuvunja ahadi aliyowapa watu wa jeshi, hata alipofunguliwa katika ahadi hiyo. Basi tarehe 30 Machi 1767 akafika Waldersbach, naye hakuhama tena hata kufa kwake. Alikaa huko miaka 59.

Nchi hiyo kwa Kifaransa huitwa Ban de la Roche, na kwa Kijerumani Steintal, yaani Bonde la Mawe. Iko katika milima ya Vosges, kama kilometa 50 kutoka Strasbourg. Vijiji vya usharika vilikuwa Waldersbach, Fouday, Belmont, Bellefosse na Solbach, pamoja na vitongoji vyake. Udongo ni mwembamba, mawe ni mengi, na theluji hukaa muda mrefu. Vita vya karne iliyotangulia vilikuwa vimeiharibu kabisa. Watu walisema lahaja yao wenyewe, ambayo hata Wafaransa wengine waliielewa kwa shida. Njia ya kwenda mjini haikuwako ila kijia cha kupita mtoni, na wakati wa mvua na theluji kijia hicho hakikupitika. Mwenye mazao hakuweza kuyauza, na mwenye mgonjwa hakuweza kumpeleka kwa tabibu.

Ili mwone hali ya watoto ilivyokuwa, twawapa habari ya Stuber alipofika mara ya kwanza mwaka wa 1750. Aliomba aonyeshwe shule. Akapelekwa penye kibanda kilichojaa watoto wakipiga kelele, na pembeni amelala mzee dhaifu kitandani. Stuber alipomwuliza huwafundisha nini watoto hawa, mzee akakiri kwamba hawafundishi neno lo lote, maana yeye mwenyewe hajui neno. Alikuwa mchunga nguruwe wa kijiji; na alipozeeka asiweze tena kuwafuata nguruwe, watu wakampa watoto awachunge. Hivyo katika nchi ile nguruwe walihitaji mtu mwenye nguvu, lakini watoto aliwatosha yule aliyeshindwa na nguruwe. Stuber alihuzunika sana. Akaanza kuwatafuta walimu wa kweli, akawatengenezea kitabu cha kusomea, akaleta vitabu vya kuazima. Kazi yake ndiyo msingi ambao Oberlin alijenga juu yake, wala si haki kumsahau.

Oberlin hakupokewa na wote kwa furaha. Watu walikuwa wamechoka na mambo mapya, nao waliogopa kutozwa fedha. Husimuliwa kwamba vijana wengine walipatana kumvizia njiani wampige. Alipopata habari hakuwashtaki. Siku hiyo akaingia mwenyewe katika nyumba walimokutana, akawaambia kwamba anajua shauri lao na amekuja ili wasipate taabu ya kumvizia. Wakaona haya, wakamwomba msamaha. Alipotaka kujenga nyumba ya shule, wazee wa kijiji wakakataa, mpaka alipowaahidi kwamba gharama haitawalemea wao. Akaomba msaada kwa rafiki zake wa Strasbourg. Nyumba yake mwenyewe ya uchungaji ilikuwa mbovu, yenye kuvuja, hata hivyo hakukubali kujengewa nyingine kabla watoto hawajapata madarasa.

Kisha akawakusanya watu, akawaeleza habari ya barabara na daraja. Wakasema haiwezekani, wala hawana nafasi. Basi mchungaji akatwaa sururu begani, akaenda yeye na mtu mmoja kupasua mwamba. Watu walipomwona mchungaji wao akitoka jasho kwa ajili yao, wakaja mmoja mmoja, hata wakawa wengi. Barabara ikapita kandokando ya mto Bruche, na daraja likajengwa karibu na Fouday, wakaliita Daraja la Upendo. Huenda msomaji akauliza, barabara yahusu nini malezi ya watoto? Yahusu sana. Kwa barabara hiyo baba aliuza mazao akanunua chumvi na nguo, na kwa barabara hiyo tabibu aliweza kufika. Oberlin alijua kwamba mtoto hawezi kutengwa na nyumba yake. Ukitaka kumlisha mtoto, kwanza tazama chungu cha mama yake.

Sasa twafika kwenye jambo kubwa la maisha yake, nalo halikuanza kwake. Katika kijiji cha Belmont alikuwako msichana mmoja, jina lake Sara Banzet, aliyezaliwa mwaka wa 1745. Msichana huyo aliwaona watoto wadogo wakizurura vichochoroni wazazi wao walipokuwa mashambani, akaanza kuwaita nyumbani kwao na kuwafundisha kufuma soksi. Oberlin alipopata habari hiyo alifurahi mno. Alikuwa amekwisha kuona katika kutembea kwake vijijini kwamba walimu wa shule huwapokea watoto wakiwa wakubwa, wameshika desturi nyingi mbaya ambazo ni kazi kuziondoa. Naye alikuwa akitafuta njia ya kuwafikia mapema. Njia hiyo msichana wa shamba alikuwa ameipata mbele yake.

Lakini baba yake Sara hakuridhika. Alinung'unika kwamba binti yake hupoteza siku zake kwa watoto wa watu wengine, na nyumba haipati faida yo yote. Hapo, ndugu wasomaji, twaomba mwangalie alivyofanya mchungaji. Angeweza kumhubiri yule baba juu ya kujitoa, na kumwambia kwamba thawabu ya binti yake iko mbinguni. Hakufanya hivyo. Mwaka wa 1769 aliandikiana mkataba na baba huyo, akamwajiri Sara kwa ujira, ili kazi yake ihesabiwe kuwa kazi, na nyumba ya wazazi wake isipungukiwe kwa ajili ya wema wake. Sara akaendelea mpaka alipofariki mwaka wa 1774, angali kijana.

Kutoka nyumba hiyo moja kazi ikaenea katika vijiji vyote. Oberlin na mkewe, Madeleine Salomé Witter, ambaye alimwoa mwaka wa 1768, walikodi vyumba vyenye jiko la moto, wakawachagua wanawake na wasichana wenye tabia njema, wakawafundisha na kuwalipa. Mama mchungaji ndiye aliyewafundisha hasa kazi za mikono. Oberlin aliwapa jina la heshima, akawaita viongozi wa utoto mwororo. Katika kila chumba walikuwa wawili kwa kawaida: mmoja aliangalia kazi za mikono, wa pili aliangalia mafundisho na michezo. Watoto wakubwa kidogo walifuma, walisokota na kushona. Wale wadogo kabisa walicheza miguuni pa wenzao. Mchezo haukuhesabiwa kuwa utoro, bali ulikuwa sehemu ya siku kama ulivyo ufumaji.

Viongozi hao waliwaonyesha watoto picha za habari za Biblia, na picha za wanyama na mimea, wakawasimulia habari zake. Oberlin alizitengeneza nyingi kwa mkono wake mwenyewe na kuzitia rangi. Alichora pia ramani: kwanza ya kijiji chao, halafu ya bonde lote, kisha ya nchi, mwisho ya ulimwengu, maana aliona kwamba mtoto hujifunza lililo mbali kwa kuanzia mlangoni pake. Hali ya hewa ilipokuwa njema walitoka nje. Watoto walichuma majani na maua, wakajifunza majina yake, wakatambua yaliwayo na yale yenye sumu. Waliimba nyimbo za kanisa, walifundishwa kusema kweli, kunawa, kugawana chakula, na kutowatesa wanyama. Haya yote yalifanyika kwa watoto ambao hawajafikia umri wa shule. Kumbukeni kwamba Robert Owen alifungua shule yake ya watoto wadogo huko New Lanark, Scotland, mwaka wa 1816, na Friedrich Fröbel wa Ujerumani aliipa shule yake jina la bustani ya watoto mwaka wa 1840. Wasichana wa Bonde la Mawe waliwatangulia wote wawili kwa miaka mingi.

Wala Oberlin hakuishia katika vyumba hivyo. Alipeleka vijana mjini wajifunze uashi, useremala, uhunzi na kazi nyingine, kwa kuwa katika bonde lote mafundi walikuwa haba. Alipeleka wanawake wajifunze ukunga, maana akina mama wengi na watoto wao walipotea kwa kukosa mtu ajuaye. Alileta mbegu mpya za viazi, kwa sababu viazi vya zamani vilikuwa vimechoka na kuzaa kidogo. Alileta mbegu za kitani na miche ya matunda. Na kijana aliyetaka kupokea Kipaimara alitakiwa kwanza awe amepanda miti. Alianzisha mfuko wa mikopo, ili mtu aliyepatwa na haja asiingie mikononi mwa wakopeshaji wakali, na alidai mikopo ilipwe siku iliyopatanwa, kusudi apate na mwingine. Haya yalikuwa mambo ya siku zote, ya chakula na nguo na deni; naye aliona kwamba shida za siku zote ndizo zinazoichosha nyumba na kumfanya mzazi amkemee mtoto bila sababu.

Hata yakaja mambo mazito. Mnamo Januari 1783 mke wake alifariki, baada ya kuishi naye miaka 14 na miezi michache. Alikuwa amemzalia watoto tisa, na saba walikuwa hai. Mdogo wa wote alikuwa wa wiki chache tu. Oberlin, aliyesaidia nyumba za watu wengi, akajikuta nyumba yake mwenyewe haina mama. Ndipo akatokea Louise Scheppler. Alikuwa binti wa wakulima wa Bellefosse, aliyezaliwa mwaka wa 1763, ambaye aliingia katika nyumba ya mchungaji akiwa mtumishi kijana na kuwa mmoja wa viongozi wa watoto. Sasa, hajatimiza hata miaka 20, alishika nyumba nzima na kuwalea yatima saba, bila kuiacha kazi ya vijijini. Wakati wa baridi alipita katika theluji toka kijiji hata kijiji, awakague watoto na kuwatia moyo wenzake. Walikuja watu kumposa, akakataa.

Mwaka wa 1793 Louise alimwomba Oberlin asimpe tena mshahara, bali amhesabu kuwa binti wa nyumba. Pengine msomaji atasema: Huyu alikataa ujira, na yule Sara alilipwa, basi yupi alitenda vema? Sisi twaona hakuna shindano hapo. Sara alilipwa ili aweze kutumika. Louise alipewa haki yake miaka mingi, hata akawa na uwezo wa kuirudisha kwa hiari yake. Kile ambacho mtu hukitoa kwa hiari ni sadaka. Kile anachonyang'anywa kwa maneno matamu si sadaka hata kidogo.

Mwaka huo huo wa 1793 ulikuwa mchungu. Mapinduzi ya Ufaransa yalikuwa yamewaka, mfalme ameuawa, na ibada zikapigwa marufuku. Mwana mkubwa wa Oberlin aliuawa vitani akiwa askari. Mchungaji alipoteza mshahara wake, lakini hakuliacha bonde. Aliambiwa watu wakusanyike katika chama cha wananchi badala ya kanisa. Basi akakusanya chama, akakitumia kuwafundisha watu upendo kwa jirani. Aliwapokea wakimbizi nyumbani mwake bila kuuliza ni wa upande gani. Mwaka wa 1794 yeye mwenyewe alikamatwa na kupelekwa Sélestat. Akafunguliwa baada ya kuanguka kwa Robespierre, aliyekuwa mkuu wa utawala ule wa kutisha. Katika muda wote huo vyumba vya watoto havikusahauliwa.

Twapenda kuwatajia jambo jingine la miaka ile, kwa kuwa latugusa sisi Waafrika. Oberlin alipopata habari za mateso ya watumwa waliotolewa Afrika na kulimishwa miwa na kahawa katika visiwa vya Amerika, aliacha kutumia sukari na kahawa. Alikaa milimani, mbali na bahari, wala hakupata kumwona mmoja wa watumwa hao. Lakini aliona kwamba mtu hawezi kuwalea watoto wa kijiji chake kwa upendo, na huku akikoroga katika kikombe chake machozi ya watoto wa watu wengine.

Miaka ya 1816 na 1817 ilileta njaa. Jua halikuwaka vema, mvua na baridi zikaharibu mazao katika nchi nyingi za Ulaya. Leo twajua kwamba sababu kubwa ilikuwa mlima Tambora, katika visiwa vya Indonesia, uliolipuka mwaka wa 1815 na kutapakaza vumbi lake angani; watu wa siku zile hawakujua. Oberlin alikuwa na miaka 76. Mfuko, viazi, barabara, na ujuzi wa mimea ya kuliwa waliofundishwa watoto, vyote vilipimwa katika miaka hiyo, na kila kimoja kikaonekana kuwa na maana yake. Katika mwaka wa 1817 alimzika na mwanawe mwingine, Henri, aliyekuwa msaidizi wake mpendwa. Akaendelea na kazi.

Siku za uzee wake alipata rafiki wema, jamaa ya Legrand kutoka Basel katika Uswisi, waliohamishia kiwanda chao cha kufuma tepe Fouday. Nyuzi na mitambo ya kufumia waliigawa majumbani, ili wazazi wafanye kazi chini ya paa lao wenyewe, karibu na watoto wao. Mmoja wao, Daniel Legrand, baadaye aliziandikia serikali za Ulaya miaka mingi akidai sheria za kuwakinga watoto wanaotumikishwa viwandani. Mwaka wa 1841 Ufaransa iliweka sheria ya kukataza watoto walio chini ya miaka minane wasifanye kazi katika viwanda vikubwa. Mbegu iliyopandwa katika chumba cha Sara Banzet ilikuwa imetoa tawi katika nyumba za kutunga sheria.

Oberlin alifariki tarehe 1 Juni 1826, akiwa na miaka 85. Walimzika Fouday, na watu wa bonde lote, Walutheri na Wakatoliki pia, walimsindikiza. Alikuwa amewaachia watoto wake wosia kwamba Louise awe dada yao. Nao walitaka kumpa fungu sawa na lao katika urithi, lakini hakupokea. Aliomba tu ruhusa ya kuongeza jina la Oberlin katika jina lake. Mwaka wa 1829 baraza la wataalamu wa Ufaransa, Académie française, lilimpa tuzo kubwa ya wema, faranga 5,000. Akazitoa kwa ajili ya kazi ya watoto. Alifariki mwaka wa 1837. Nyumba ya uchungaji ya Waldersbach imekuwa makumbusho, na ndani yake zimo picha, kadi na vitu vya kuchezea walivyotumia watoto wale.

Tusimfanye Oberlin kuwa malaika. Alitaka watoto wajue Kifaransa kizuri, ili wasikwame bondeni mwao, na katika hilo aliwasaidia. Lakini aliwakataza lahaja ya mama zao vyumbani mle. Sisi tuliofundishwa shuleni kuionea haya lugha ya nyumbani twajua jeraha hilo. Mtoto aweza kupewa lugha ya pili bila kunyang'anywa ya kwanza. Hata na watumishi wakubwa wa Mungu tuwafuate kwa macho yaliyo wazi.

Basi, ndugu, tujiulize. Katika usharika wetu yuko mwanamke ambaye watoto humkimbilia wenyewe. Pengine hana cheti, pengine mumewe au baba yake hununa kwamba apoteza wakati. Sisi wachungaji na wazee wa kanisa humwona Jumapili, tukamshukuru kwa maneno, tukamwachia watoto 40 chini ya mwembe bila mkeka wala uji, na mwisho wa mwezi twalipa mafundi na kununua mabati. Tumekiri katika sanduku la usharika kitu gani chatupendeza. Oberlin alianza kwa kumtambua msichana mmoja aliyekwisha kuanza kazi, akaenda kwa baba yake, akaandika mkataba. Jambo hilo halihitaji mali ya Ulaya. Lahitaji wazee wakae kikao kimoja, wataje jina la mwanamke huyo, waseme atapewa nini na watoto watakaa wapi.

Tena tusiingoje njaa au msiba ndipo tuiendee nyumba yenye watoto wadogo. Mchungaji aliyepita mlangoni siku ya amani, akajua chungu kina nini na mtoto yupi hukohoa, huyo ndiye atakayepokewa siku ya kilio. Bwana wetu aliwaita watoto wadogo waje kwake, akawakumbatia, hakungoja wakue. Yeye na atupe macho ya Sara Banzet, aliyewaona watoto kichochoroni, na mikono ya Louise Scheppler, ambayo haikuchoka. Amin.